Tukijenga pamoja, nani ashike kazi gani?



Wengi wenu mmeniuliza njiani na sokoni kama ni kweli kikundi chetu kimegawanyika. Ni kweli, na afadhali niandike mwenyewe kuliko muipate habari kwa vipande. Sisi ni wamama 22. Kwa miaka 3 tumekuwa na sanduku la kando, mbali na ile likelemba ya kupokezana kila mwezi, kwa shabaha moja: kununua kiwanja kimoja kikubwa hapa Kamatanda. Kila familia ijenge nyumba yake ndogo, yenye mlango wake na ufunguo wake, na katikati tubaki na vitu vya wote: uwanja wa watoto, kisima, jiko kubwa la sikukuu na matanga, na chumba ambamo mama mwenye zamu atalinda watoto wa wenzake waliokwenda sokoni au shambani. Kati yetu wajane ni 6. Kwao pesa iliyo sandukuni si ya ziada. Ni karo ya shule iliyocheleweshwa, ni kitenge kisichonunuliwa, ni dawa iliyongojewa hadi mwezi mwingine.

Sasa kiwanja kimeonekana. Mwenye kuuza anasema ana wateja wengine, basi tufanye haraka. Upande mmoja wa kikundi unasema: tumtafute mjenzi mkubwa, tumpe pesa yote, atushughulikie tangu karatasi hadi funguo. Upande wa pili unasema: injenieri na wakili wanakula pesa bure, sisi tumefyatua matofali tangu utoto, waume zetu na watoto wetu wanajua kupanga ukuta, tufanye yote wenyewe. Tulipigiana kelele mpaka kambo wetu, mwenye wajukuu 9, akagonga kikombe juu ya meza na kutuambia twende tukalale.

Mama prezidente ameniomba nichunguze jambo hili na kuliandika hapa, kwa faida ya vikundi vingine pia. Nimesoma, nimeuliza, na nimeona kwamba tuligombana kwa sababu tulitaka jibu moja kwa kazi zote. Nyumba si kazi moja. Mbele ya kila kazi tujiulize: tukikosea hapa, tunaweza kubomoa kesho na kuanza tena kwa pesa kidogo? Tukiweza, mikono yetu inatosha. Tusipoweza, kwa sababu kosa litafunikwa chini ya udongo au ndani ya karatasi na kutokea miaka 10 baadaye, hapo tumlipe mwenye kuijua kazi, hata kama inauma.

Matofali ni yetu

Katanga hii Mungu ametupa vichuguu. Udongo ambao mchwa wameukanda hufanya tofali gumu, na hakuna mama wa hapa ambaye hajaona tanuru likiwaka usiku. Tofali likivunjika, unalitupa na kufyatua lingine. Hilo ndilo kosa la bei rahisi. Kwa hiyo kufyatua, kukausha, kupanga tanuru, kubeba maji na mchanga, kusafisha kiwanja, kuchimba mitaro kwa vipimo tulivyopewa, kupaka rangi, kupanda miti na majani ya uwanja, hayo yote ni yetu. Tuyafanye wakati wa kiangazi, kati ya Mei na Oktoba, maana mvua ikianza Novemba tofali bichi linarudi kuwa udongo.

Ila hata hapa kuna masharti. Piga tofali kwa tofali: likilia kama chuma limeiva, likitoa sauti ya kitu kizito kilichokufa, liweke kando. Lingine lilaze ndani ya ndoo ya maji usiku mzima, ulione asubuhi. Kisha shimo tulikotoa udongo tulifukie. Mnajua wenyewe kinachotokea: mvua inalijaza, mbu wanazaa humo, na watoto wanaenda kuogelea mahali ambapo hakuna mtu anayejua kina chake. Na kuni za tanuru, wamama, zinazidi kuwa mbali kila mwaka.

Wenzetu wa Dar es Salaam, Tanzania, walipita njia hii. Serikali ilipopanua bandari, nyumba maelfu za Kurasini zilibomolewa. Wapangaji, ambao hawakuwa na nyumba ya kulipwa, walibaki na vyombo vyao barabarani. Baadhi yao walikuwa katika vikundi vya kuweka akiba vya Shirikisho la Watu Maskini Mijini, ambamo wamama ndio wengi. Wakajikusanya watu karibu 300, wakanunua eka 30 kule Chamazi, kusini mwa jiji, kwa shilingi milioni 24 za Tanzania zilizotoka katika akiba yao. Walijifunza kutengeneza matofali ya kufungana, yale yasiyohitaji simenti nyingi kati ya tofali na tofali, na wakayatengeneza wenyewe palepale.

Watu wakisimulia habari ya Chamazi hupenda kuishia hapo, kwenye wamama na matofali. Lakini nyuma ya tofali kulikuwa na watu waliosomea. Shirika linaloitwa Centre for Community Initiatives liliwaletea wataalamu wa kuchora na kupima. Kiwanja cha kawaida kwa kanuni za mipango ya miji kilikuwa kikubwa kuliko walichoweza kulipia, basi ilibidi watu wenye lugha ya ofisi waende kuzungumza mpaka viwanja vidogo vikakubaliwa. Hilo hakuna kikundi cha matofali ambacho kingelipata kwa kelele. Maji machafu nayo yalihitaji mtu anayejua namna ya kuyachuja. Na si kila kitu kilikwenda vizuri: Chamazi ni mbali na mjini, na mama anayeuza chakula bandarini hawezi kupanda gari kila siku bila kula faida yake yote. Umbali huo fundi hawezi kuutengeneza. Ni sisi wanunuzi tunaotakiwa kuupima kabla, kwa miguu yetu, tukiwa na beseni kichwani.

Karatasi si yetu

Nikirudi Kamatanda, naingia mahali ambapo naogopa zaidi.

Kwanza, ardhi ya nchi yetu ni ya Serikali. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ndiyo iliyoliandika hivyo, na mtu anayetuuzia kiwanja anatuuzia haki yake ya kukitumia, kama anayo. Karatasi ya shefu wa kartie inaonyesha kwamba anajulikana hapo. Inasaidia, lakini haishindi mahakamani mbele ya mtu mwenye sertifika iliyotoka kwa konsevateri wa hati za ardhi. Tumeona mara ngapi kiwanja kimoja kikiuzwa kwa watu 2 au 3, wote wakiwa na karatasi zenye mihuri? Kwenda ofisini kufungua vitabu, kulinganisha namba ya kiwanja na mpango wa kadasta, kisha kumleta mpimaji aweke mawe ya mipaka mbele ya majirani wote wanne: kazi hiyo tuilipie, na tuilipie kabla ya kumpa muuzaji hata franka moja. Kama anasema hawezi kungoja majuma 2 karatasi zikaguliwe, ametuambia jambo ambalo wakili angetutoza pesa kulisema.

Pili, sisi tunakaa juu ya shaba. Kamatanda watu wamechimba na wanachimba, wenye kampuni na wachimbaji wa mikono. Sheria ya migodi ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inatenganisha udongo wa juu na mali iliyo chini. Unaweza kuwa na karatasi safi kabisa za kiwanja huku mtu mwingine ana ruhusa ya madini chini ya kitanda chako. Sheria inamtaka akulipe akikuharibia au kukuhamisha, lakini nani kati yetu anataka kujenga jiko la matanga ili alipwe fidia? Kwa hiyo kuna vitabu viwili vya kufungua: kadasta ya ardhi, na ile ya migodi inayoitwa CAMI. Wengi wanafungua kimoja tu. Halafu aje mtu anayejua udongo aangalie kama chini hakuna mashimo ya zamani yaliyofukiwa na majani. Ukuta ukipasuka kwa sababu ya shimo la mchimbaji, hata masoni bora wa Likasi hawezi kuuponya.

Tatu, kiwanja kitaandikwa kwa jina la nani? Hapa tulikaribia kufanya kosa kubwa bila kujua. Tulisema kiandikwe kwa jina la kikundi, tufunge mkutano, tupige vigelegele. Lakini sheria ile ya 1973 inatoa haki ya kudumu daima kwa mtu Mkongomani, mtu wa mwili na damu. Chama au shirika kinapewa haki ya muda, kwa mfano miaka 25, ambayo inaweza kufanywa upya. Kwa upande mwingine, tukiandika kwa jina la mama mmoja tunayemwamini, akifariki, warithi wake watakuja na sertifika mkononi, na sisi 21 tutakuwa wageni katika uwanja wetu. Je, tugawe viwanja 22 vidogo, kila mama na karatasi yake, na ile sehemu ya katikati tu iwe ya chama? Au yote iwe ya chama, tukubali muda wa miaka 25 na kazi ya kuufanya upya? Mimi naelekea kwenye njia ya kwanza, ingawa inadai upimaji mwingi zaidi. Ila sitaki tuamue kwa maoni yangu. Huyu ndiye wakili wa kulipiwa: aje mbele ya kikundi chote, si mbele ya wakubwa watatu, na aeleze kila njia mpaka kambo aielewe.

Chama chenyewe, tukitaka kukiandikisha kama koperative, kina sheria nzuri. Congo iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria yake ya koperative inakubali watu 5 tu kuanza ile ya aina rahisi, kila mtu na sauti moja hata kama mwingine ameweka pesa mara tatu. Kuandika kanuni zetu za ndani ni kazi yetu, maana tunajua wenyewe ugomvi wetu. Kuziangalia kama hazipingani na sheria ni kazi ya aliyesomea.

Na neno moja kwa wenye waume. Sheria ya jamaa ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kujifunga kisheria. Mabadiliko ya Julai 2016 yaliiondoa ruhusa hiyo. Karani akikuambia umlete baba ndiyo uandikishwe, mwombe kwa adabu akuonyeshe sheria. Nyumbani, bila shaka, mambo kama haya huzungumzwa na wawili. Lakini hayo ni mapatano ya nyumba yako, karani hayamhusu.

Mambo mawili yaliyonipata

Nisifiche yangu. Nyumba ninamokaa sasa tuliijenga na masoni bila mpango wala mtu wa kukagua, tukiokoa pesa. Alikuwa mtu mwema na mikono yake ilikuwa myepesi. Lakini msingi aliuweka kwa kina cha nusu mkono mahali ambapo maji ya barabara yanapita, na hakufunga mkanda wa chuma juu ya madirisha. Mvua ya mwaka wa pili ukuta wa upande wa jua kuchwa ukafunguka, ukaanza kupitisha kidole, kisha mkono. Tulilipa kuuvunja na kuujenga, na ile ya pili ilikuwa ghali kuliko injenieri tuliyemkataa.

Basi mtasema mimi ni mtu wa wataalamu. Sikilizeni na la pili. Kikundi kimoja nilichokuwamo zamani kilimlipa mtu mwenye diploma achore nyumba ya mikutano. Alichora vizuri, kwa rangi. Jiko akaliweka ndani, katikati, lenye dirisha dogo kama la posta. Hakuuliza mama hata mmoja tunapika na nini. Tunapika kwa makala, vyungu vya kubeba watu wawili wawili, tukisonga bukari ya watu 100 kwa kusimama. Moshi ulitufukuza siku ya kwanza, na tangu hapo jiko lile ni stoo ya viti. Tulilipia chumba cha viti kwa bei ya jiko. Diploma yake haikuwa ya uongo. Ni sisi tuliokaa kimya tukidhani kuchora ni mambo ya msomi.

Likasi yote inaweza kutoa ushuhuda huo. Wazazi wetu, siku mji huu ulipokuwa ukiitwa Jadotville, walikaa katika kambi za Union Minière. Nyumba zilijengwa na watu wenye ujuzi, zimenyooka mstari kwa mstari, na nyingi bado zinasimama. Lakini aliyekaa ndani hakuulizwa kitu, na wala hakufundishwa kuitunza, kwa sababu kampuni ndiyo iliyotuma fundi wa paa na wa bomba. Kisha Gécamines iliyoirithi ikaanguka, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kwa ule mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Fundi wa kampuni hakuja tena. Mama akabaki na paa linalovuja ambalo hajui linapandwa upande gani. Ndiyo maana nikisikia “tumpe mtu mmoja kila kitu, atuletee funguo,” mwili wangu unasisimka.

Masaa 21 ya Uruguay

Nchi iliyolipanga jambo hili vizuri kuliko zote nilizosoma iko mbali sana, Amerika ya Kusini: Uruguay. Mwaka 1966 vikundi vitatu vidogo vilianza kujaribu kujenga nyumba kwa kusaidiana. Desemba 1968 ikatoka sheria ya makazi iliyozitambua koperative hizo, na mwaka 1970 zikaunda umoja wao unaoitwa FUCVAM, ambao upo hadi leo. Kila familia hutoa masaa ya kazi, kwa kawaida 21 kila juma. Nyumba zinajengwa zote pamoja. Mtu hajengi yake, na mara nyingi hajui itakuwa ipi mpaka mwisho. Fikirini jinsi hilo linavyomfanya kila mtu apange tofali vizuri!

Lakini sheria hiyohiyo iliweka kando ya kikundi timu ya kulipwa: arkitekti, mtu wa sheria, mtu wa hesabu, na mtu wa kazi za jamii anayesaidia watu wasigombane. Timu inashauri na kukagua. Mkutano wa wajenzi ndio unaoamua, na ndio unaoajiri timu na unaoweza kuibadilisha. Na kwa kazi ngumu, kama nyaya za umeme na mabomba, wanaajiri mafundi. Hawajivuni kwamba wamefanya yote kwa mikono yao. Wanajivunia kwamba wao ndio wakubwa wa kazi.

Hesabu yao ya masaa ndiyo ninayotaka tuige, kwa sharti moja. Masaa 21 kwa mama wa Kamatanda anayeamka saa kumi ya usiku kutafuta maji ni mengi mno. Tuseme 6, siku ya Jumamosi. Kisha tuandike ndani ya daftari kwamba kupikia wafanyakazi ni masaa, kulinda watoto 30 kivulini ni masaa, kwenda mara ya nne ofisini kungoja karani ni masaa. La sivyo mama mwenye mtoto wa miezi miwili na kambo wetu wataonekana wanadaiwa, na vijana wenye nguvu wataonekana wametupa nyumba. Ukisikia kikundi kimevunjika kwa sababu ya “wavivu,” mara nyingi ni daftari ambalo halikuandika jiko.

Namna ya kumlipa anayejua

Pesa. Wengi wanaogopa mtaalamu kwa sababu wanafikiri lazima umnunue mzima. Si lazima. Injenieri anaweza kulipwa kwa siku. Mimi naona tumwite mara tatu: mitaro ya msingi ikiwa imechimbwa na kabla simenti haijamiminwa, ukuta ukifika juu ya madirisha, pale pa mkanda wa chuma, na mbao za paa zikiwa zimesimama kabla ya manjanja kupanda. Hizo ndizo sehemu ambazo zikifunikwa hakuna atakayeziona tena hadi siku ya balaa. Kati ya siku hizo masoni na sisi tunaendelea. Umeme, usiguswe na mpwa wa mtu ambaye “anajua kidogo.” Moto wa nyaya haubomolewi kesho.

Kisima na vyoo pia. Tofali moja baya linaharibu tofali moja, lakini shimo la choo lililochimbwa mahali pabaya linaharisha watoto wa familia 22. Choo kikae angalau mita 30 kutoka kisima, na kiwe upande wa chini wa mteremko, maji ya mvua yasitoke chooni kwenda kisimani. Kuchimba tunaweza. Kuonyesha mahali pa kuchimba, tumlipe anayejua njia za maji ya chini.

Kwa masoni na kwa msomi, mkataba uwe wa maandishi, hata ukurasa mmoja, na kiasi cha kazi kisemwe kwa mita, si kwa “mpaka iishe.” Pesa zigawanywe kwa hatua. Sehemu ya mwisho ibaki sandukuni mpaka mvua ya kwanza imepita juu ya paa. Simenti na vyuma tununue wenyewe, wamama wawili waende dukani, karatasi ya duka ibandikwe ndani ya daftari, na mama wa tatu ahesabu mifuko inapoteremshwa na inapotumika. Kazi hiyo ya kuhesabu haiombi shule kubwa. Inaomba mtu asiyeona haya kuuliza mfuko wa 41 uko wapi.

Tukikosa pesa za wote hawa, tupunguze nyumba, tusipunguze ukaguzi. Chumba kimoja kilichosimama vizuri kinaongezwa mwaka ujao. Chamazi nao walianza hivyo, kidogo kidogo.

Kuhusu kukaa pamoja

Jambo la mwisho nilitaka kulipitia haraka, lakini linanirudia. Huko Voi, nchini Kenya, mwanzo wa miaka ya 1990, wakaaji wa mtaa unaoitwa Tanzania-Bondeni waliamua kwamba ardhi iwe ya jumuiya nzima na nyumba iwe ya kila mtu. Waliogopa kwamba kila mmoja akipewa karatasi yake, matajiri watawanunua mmoja mmoja. Sheria haikuwa na mlango mmoja wa jambo hilo, ikabidi wanasheria waunganishe sheria ya vyama na ile ya wadhamini. Wataalamu walifungua mlango, lakini hofu ya kununuliwa na wazo la kujilinda zilikuwa za watu wenyewe. Nasi tunahitaji kipengele kama hicho: mama akitaka kuuza nyumba yake, kikundi kipewe nafasi ya kwanza kununua.

Na kule Denmark mwaka 1967 mama mmoja mwandishi, Bodil Graae, aliandika katika gazeti kwamba kila mtoto anapaswa kuwa na wazazi mia moja. Arkitekti Jan Gudmand-Høyer alikuwa ameanza kutafuta jambo hilohilo tangu 1964, na jaribio lake la kwanza lilikwama kwa sababu majirani hawakulitaka. Mwaka 1972 familia 27 zilihamia Sættedammen, kijiji chao cha nyumba za pekee na nyumba moja ya wote ya kulia chakula. Nilicheka niliposoma. Wazazi mia moja! Sisi tulilelewa hivyo bila arkitekti. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu watoto wangu mwenyewe hawalelewi hivyo tena. Kila kiwanja cha mji kina ukuta wake na vipande vya chupa juu.

Basi kwa mkutano ujao naleta ombi hili, mlipige kura. Tumwandikie mwenye kiwanja kwamba tunangoja majuma 3. Tutoe sandukuni pesa ya vitabu viwili, ardhi na migodi, na ya siku moja ya wakili mbele yetu sote. Akikataa kungoja, kiwanja kiende, tutafute kingine. Vitabu vikiwa safi, Mei ikifika tuanze kufyatua. Kambo ameshasema atakuwa na watoto chini ya mwembe, na anataka masaa yake yaandikwe.

Kila mama aje na daftari lake la akiba, na wale ambao michango yao ya mwezi uliopita haijaandikwa waje nusu saa mapema wamwone sekretere.